Nyuma Imeandikwa Haiuzwi

Nyumba ya marehemu mzee Machibya,
Mkuyuni,
Mwanza.

Jumatatu, 9 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Nestory,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Najua ungekuwa mbele yangu ungesema shikamoo dada, kwa hiyo naipokea, marahaba. Habari za Newala? Nasikia mwezi huu huko kwenu juu watu wanavaa makoti mpaka saa nne asubuhi, basi na wewe ujifunike, unajua kifua chako tangu utotoni. Wifi yangu Hellen hajambo? Na Dorotea mdogo, meno ya mbele yameota au bado ana pengo? Wanafunzi wako nao wanakusikiliza, au umebaki na ile sauti yako ya kubembeleza?

Sisi huku hatujambo. Mvua zimekata na vumbi la Mkuyuni limerudi kukaa ndani kama mpangaji. Magoti yangu yananisumbua nikikanyaga cherehani muda mrefu, lakini kazi ipo, ya sare za kwaya na magauni ya kipaimara, na wateja ni walewale wa kuleta kitambaa leo na kutaka nguo jana.

Mama anaendelea vizuri ukilinganisha na mwaka jana alipopigwa na kiharusi. Mguu unakanyaga, anafika mpaka mlangoni kwa fimbo yake. Ulimi bado mzito. Mkono wa kulia ulianza kufunguka mwezi wa tatu, sasa umeanza kujikunja tena, na hilo nalo limo katika mambo yaliyonifanya nishike kalamu.

Maana salamu sasa zimekwisha, Nestory. Ningeweza kukupigia simu, lakini tungegombana kabla hujaniuliza habari za asubuhi, na mimi nataka jibu la maandishi. Wewe na mama mnapanga nini juu ya nyumba hii?

Usiseme hujui. Ngoja nikupangie ninachokijua, kimoja kimoja.

Ilianza mwezi wa pili. Yuko mwanamke anaitwa Nusrat, ana steshenari pale karibu na soko, mtu mzima mwenye watoto wawili, mpole, mwenye maneno matamu. Mimi watu wapole siwaamini mapema. Akaanza kuja kumwona mama kila Jumanne na Alhamisi, saa zilezile ninapokuwa nimekwenda mjini kununua nyuzi na zipu. Nikamuuliza mama, huyu anatafuta nini hapa? Akasema anakuja kumfanyisha mazoezi ya mkono. Mazoezi gani ya kufunga mlango? Na wewe unajua steshenari za huku zinafanya kazi gani. Zinatoa kopi, zinapiga picha za paspoti, na zinachapa mikataba ya kuuziana viwanja. Machale yakaanza kunicheza.

Siku moja nikarudi mapema makusudi, nikaingia bila hodi. Mama akavuta kanga akafunika meza, na Nusrat akainamia mkoba wake kutafuta kitu ambacho hakukipata. Wote wawili wakanisalimia kwa pamoja, kwa ile furaha ya kulazimisha. Nikajifanya sikuona. Lakini sakafuni niliokota kipande cha selotepu. Si hii ya kufungia maboksi, ni ya karatasi, ina maua madogo ya njano, na inachanika kwa vidole tu. Nikakitia kwenye kopo langu la vifungo. Nilijiambia kitanisaidia siku ya ushahidi.

Kuanzia hapo vitu vikaanza kupotea ndani. Kalenda ya parokia ya mwaka juzi ikanyofolewa kurasa. Boksi la sabuni likakatwa pande mbili. Nikaparua sangara Jumamosi, nikageuka kidogo tu kuosha kisu, magamba yakatoweka kwenye sinia. Nani katika dunia hii anaiba magamba ya samaki? Halafu kitenge cha mteja wangu, mwalimu mmoja mkali, kikakutwa kimepungua kona. Alikipima mbele yangu, Nestory. Alikipima kwa mkono, akaniangalia vile watu wanavyowaangalia mafundi cherehani. Miaka ishirini na tatu ya kazi sijawahi kumwibia mtu kitambaa, na siku hiyo niliapa mpaka machozi yakanitoka.

Nikaja kujua walichokuwa wanatengeneza. Kadi. Kadi ndogo, ukubwa wa karata, za boksi gumu, zimebandikwa vipande vya karatasi na vya kitambaa na hizo selotepu za maua, na juu yake wamechora kwa kalamu. Mwanzoni nilidhani mama ameanza kucheza kamari, nikacheka peke yangu, mama mzima wa jumuiya. Baadaye sikucheka.

Jumatatu ya Pasaka mama alinipa bahasha mbili. Moja ilikuwa na jina langu. Aliniwekea mkononi huku akiniangalia sana usoni, nami nikasema asante nikaenda nayo chumbani. Nyingine ilikuwa na jina lako na anwani ya shule yako, kwa mwandiko wa Nusrat, niipeleke Posta kesho yake. Sasa nakuambia nilichofanya, na sitaomba radhi mpaka kwanza unijibu. Yangu niliifungua. Yako niliifumua kwa kile kisu kidogo cha kufumulia mishono, taratibu, hata karatasi haikuchanika.

Zote mbili zina picha ileile. Ni nyumba hii, hakuna ubishi. Yale mawe mawili makubwa ya nyuma yapo, yamekatwa kwenye kalenda. Ukuta ni kitenge cha yule mwalimu. Bati ni magamba ya sangara yaliyopangwa safu kwa safu, yanang'aa. Na kile chumba cha uani, chumba chako, kimezungushiwa selotepu nyekundu pande zote nne. Mtu akizungushia kitu mstari mwekundu anamaanisha nini kama si mpaka? Nikageuza nyuma. Nyuma ya yangu kuna jina la mama, Aprili 2025, halafu 1/4. Nyuma ya yako kuna jina la mama, Aprili 2025, halafu 3/4. Na chini, kwa zote mbili, herufi kubwa zilizotetemeka: HAIUZWI.

Nestory, mimi sikusoma kama wewe lakini hesabu za sehemu nilizipata. Wewe robo tatu, mimi robo. Ukizijumlisha ni nyumba nzima, hakikubaki hata cha kufugia kuku. Usiniambie ni tarehe, maana tarehe imeandikwa pembeni. Na hilo neno la chini unalijua, limejaa kwenye kuta za mji huu kwa rangi nyekundu, nyumba hii haiuzwi, na kila apitaye akilisoma anajua humo ndani kuna ndugu hawaelewani. Maana yake nipewe karobo kangu na nisithubutu kukauza.

Sikatai kwamba wewe ni mtoto wa kiume. Lakini mimi ndiye niliyevuka kutoka Kamanga na cherehani na masanduku mawili ndoa iliponishinda, na baba akanipokea kivukoni akasema twende nyumbani, hapa ni kwenu. Mimi ndiye ninayemwogesha mama na kumkata kucha za mkono usiofunguka. Nina miaka hamsini na sita. Mkinitoa hapa nitavuka tena kivuko nikampigie nani hodi? Naogopa, Nestory, nakuambia wazi, na nikiogopa nakuwa mkali.

Na usidhani nimesahau matanga ya baba. Udongo wa kaburi haujakauka, wewe ukasimama mbele ya ukoo ukauliza hati ya nyumba iko wapi. Nikakuambia mbele ya watu kwamba hujamaliza hata kumlilia mzee unatafuta karatasi zake. Ukaondoka kabla ya kuanua matanga, na huu ni mwaka wa tano hujakanyaga hapa. Nilipoiona hiyo kadi nikasema haya, jibu lake limekuja kwa kuzunguka.

Kwa hiyo bahasha yako sikuipeleka. Iko ndani ya droo ya cherehani, chini ya bobini, wiki saba sasa. Mama akiniuliza kama niliipeleka, nasema niliipeleka. Na hapo ndipo ninapozidi kushuku, maana kila nikirudi kutoka mjini anauliza kama Posta kuna kitu chako. Anasubiri nini kutoka kwako kama si saini? Hii ni wiki ya tatu hagusi tena hizo selotepu. Nusrat akija, mama anageukia ukutani. Mlikuwa mnanizunguka, sasa mmekosana wenyewe kwa wenyewe, au mmebadilisha mbinu? Niandikie ukweli, hata kama unaniumiza.

Nakatiza hapa, kuna mtu anapiga hodi, amekuja kuchukua sare za kwaya.


Jumamosi, 14 Juni

Nestory mdogo wangu, sikuituma. Nimezisoma tena kurasa za juu na uso umeniwaka. Nilitaka kuzichoma, lakini nikizichoma nitakuandikia barua nzuri ya dada mwema, na huo utakuwa uongo mwingine juu ya ule wa Posta. Basi zisome hivyo hivyo, kisha usome na hizi.

Jumatano nilitia kadi yako kwenye pochi nikaenda kwa Nusrat. Nia yangu ilikuwa nimwambie anitolee kopi, nimwone uso utakavyobadilika, halafu hiyo kopi niifikishe kwa mwenyekiti wa mtaa. Nilivaa vizuri kabisa, unajua mimi nikienda kugombana navaa. Nikamwekea kadi juu ya kaunta. Badala ya kushtuka, akaishika kwa ncha za vidole, akasema katika zote hii ndiyo paa lake lilitoka zuri zaidi. Kisha akageuza nyuma, na tabasamu likamfutika.

Mimi wakati huo nilikuwa simwangalii tena. Ukutani, juu ya mashine ya kopi, nilikuwa nimeiona nyumba yetu. Mawe, kitenge, magamba, vyote. Nikazunguka kaunta bila ruhusa, nikaibandua, nikaigeuza. 2/4. Haiuzwi. Nusu! Mtu baki, si ndugu, si jirani wa ukuta kwa ukuta, kapewa nusu ya nyumba ya baba yangu! Nilipaza sauti mpaka aliyekuwa akipigwa picha ya paspoti akainuka kwenye kiti. Nikamwambia yeye na hiyo nusu yake tutakutana baraza la kata. Na nikiwa katikati ya kelele ndipo hesabu ikanikwama mdomoni. Robo, robo tatu, na nusu. Nyumba ilikuwa imezidi.

Nusrat alinivutia kiti. Hakunicheka, na kwa hilo nitamheshimu. Alisema, "Dada Modesta, hizo si sehemu za nyumba. Hiyo uliyoibandua ni kadi ya pili kati ya nne. Hii uliyoniletea ni ya tatu kati ya nne."

Akanieleza polepole, huku mimi napangusa jasho. Mama yake mzazi naye alipigwa na kiharusi, akaishi nacho miaka mitatu. Mtaalamu wa mazoezi aliwashauri wampe vidole kazi ndogo ndogo, na kuchana selotepu ya karatasi ni kazi ambayo hata mkono wenye ganzi unaiweza, haitaki mkasi. Ndiyo wakaanza kutengeneza kadi. Kumbe kadi hizi zina watu wake duniani kote, na zina masharti. Ukubwa lazima uwe wa karata. Nyuma aliyetengeneza anaandika jina na tarehe, na kama ametengeneza kadhaa zinazofanana anaandika hii ni ya ngapi kati ya ngapi. Na sharti kubwa kuliko yote, hazifanyiwi biashara. Unampa mwenzako, na mwenzako anatengeneza yake anakurudishia. Hiyo ndiyo habari yote.

Nikamuuliza, kwa hiyo kisichouzwa ni kadi? Akasema ndiyo, ni kadi. Nestory, nyumba haiuzwi, kadi haiuzwi, ni neno lilelile! Mama angetanguliza neno kadi tu mbele yake, yasingenikuta haya. Lakini mkono ulikuwa umechoka, akaandika alichoweza.

Waliificha kazi yao kwa sababu mama aliona haya, mistari yake ilikuwa inakwenda upande, alitaka niione ikiwa imekamilika. Na pia kwa sababu ya kile kitenge. Aliyekata kona ya kitenge cha mwalimu ni mama yako mzazi, kwa mkono wake mwenyewe, alisema ile bluu ndiyo rangi ya ukuta wetu zamani. Nimeshamwendea mwalimu na nusu mita ya fidia. Kadi ya nne iko ndani ya Biblia ya mama. Nilikwenda kuihakiki kwa macho yangu, maana bado sikuwa nimeamini yote. Ipo, katikati ya Zaburi, nyuma imeandikwa 4/4.

Kabla sijatoka pale dukani Nusrat aliniuliza swali moja. Aliniuliza kwa nini ya Nestory iko kwangu. Alisema mama ameacha mazoezi kwa sababu anaamini mtoto wake aliipokea na akakataa kumrudishia. Yeye Nusrat alitaka kukupigia simu akuulize, mama akamkataza, akasema usilazimishwe.

Nilitembea mpaka nyumbani kwa miguu, na nilipofika nilikaa kizingitini kwanza. Mama alikuwa kitandani, mkono umelala mapajani umejikunja. Nikapiga magoti, na unajua magoti yangu yalivyo. Nikamwonyesha bahasha, nikamwambia yote, droo, uongo wa Posta, robo tatu yako na robo yangu. Nilitegemea anilaani. Aliiangalia ile bahasha, midomo ikihangaika kutafuta neno. Kisha akasema, "Kumbe hajakataa."

Nikamwambia hapana mama, hata kuiona hajaiona. Akarudia, kumbe hajakataa, akaanza kulia na kucheka kwa upande ule mmoja wa mdomo unaofanya kazi. Hakunigombeza hata kidogo. Nilitamani angenigombeza.

Alipotulia nikamuuliza habari za selotepu nyekundu. Akanishangaa. Alisema alitaka chumba chako kionekane, ukiipokea tu ukione. Mara mbili nimetaka kukipangisha akakataa, na mimi nikasema moyoni anakulindia fungu lako. Kumbe anakiweka tu. Kitanda chako kipo, na lile begi la shule lisilo na mkanda lipo.

Na hati. Hili sijui nianzie wapi. Mama anasema siku ile ya matanga ni yeye aliyekutuma kuuliza, kwa sababu kuna mtu wa ukoo alionekana akipekua sanduku la baba, na yeye mjane hakuweza kusimama kulisema. Ukasimama wewe. Ukatukanwa na mimi mbele ya watu, ukanyamaza ili mama asitajwe. Lakini Nestory, mbona hukuniambia? Miaka mitano! Ungenivuta pembeni ukasema dada, nimetumwa. Najua, najua. Nisingekuamini.

Kuna jingine, na hili halikuwa kosa la hesabu. Kila ulipopiga simu mama akaisukuma, wewe ulidhani hataki kusikia sauti yako. Ana haya na ulimi wake. Alisema hataki mtoto wake amsikie akigugumia. Mimi nilijua tangu mwanzo, nikakuacha uwaze unavyowaza, kwa sababu ilinifaa ukae mbali. Hili linaniuma kuliko bahasha, na kwa hili naomba unisamehe. Ndiyo maana alichagua kadi, haimtaki aseme kitu.

Jana mchana akaniambia kwamba hata mimi sijamrudishia yake. Tukakaa mezani, Nusrat akatuletea selotepu za kila rangi, na mimi fundi wa miaka ishirini na tatu nikashindwa kubandika kipande kimoja kikanyooka. Mama akanitazama akachoka. Akauvuta mkono wake wa kulia juu ya meza, akaikamata selotepu ya bluu, akachana mwenyewe. Vidole vitatu vilifunguka, Nestory. Nilivihesabu, na hesabu hiyo ni sahihi.

Nimetengeneza mbili. Ya mama nimeweka cherehani yangu na yeye amekaa pembeni. Yako nimeweka lile jiwe la uani tulilokuwa tukianikia dagaa, na watoto wawili juu yake. Yule mkubwa mwenye mdomo wazi ni mimi. Gauni lake ni ile selotepu ya maua ya njano niliyoificha kwenye kopo la vifungo, ushahidi wangu wa kukufungulia kesi. Shati lako limekaa upande, nivumilie, nakata vitambaa, sijazoea karatasi.

Humu ndani basi utakuta kadi mbili, ile ya mama na hii ya kwangu. Kwa masharti yao unatakiwa urudishe mbili. Anza na ya mama, tafadhali, usingoje uchore vizuri. Chana karatasi yoyote, bandika hata jani la mkorosho, Dorotea mdogo akusaidie, ila uitume wiki hii hii. Daktari hakuniambia kitu cha kutisha, lakini ule mkono unafanya kazi akiwa na sababu, na sababu ni wewe. Na ukiona Posta ni mbali, ilete kwa mkono. Chumba kimefagiliwa leo.

Nusrat nimemwomba radhi mbele ya wateja wake, kama nilivyomtukana mbele yao. Bado namtazama lakini. Mtu anawezaje kuwa mwema kiasi hicho miezi mitano mfululizo? Nitaendelea kuchunguza. Cha ajabu ni kwamba mama amesema safari hii siendi Posta peke yangu. Jumatatu nakwenda na Nusrat, barua itumwe kwa rejesta, na nirudi na risiti aione. Kwa hiyo sasa anayetiliwa shaka nyumba hii ni mimi, na siwezi kusema nimeonewa.

Msalimie sana wifi Hellen, mwambie vipimo vyake ninavyo, akija nitamshonea. Dorotea mdogo mwambie bibi mwenye jina lake anamsubiri amfundishe kuchana selotepu. Shangazi Odeta wa Nyamagana anakusalimu, na mjukuu wake Queen pia. Mama hakutoa salamu za maneno. Alisema zimo kwenye kadi.

Mungu akulinde wewe na wote walio chini ya paa lako, na mkianza safari ya kuja, awasindikize mpaka mlangoni petu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nilipokuwa nakushuku,

Modesta

Nimesahau kitu. Nyuma ya kadi yako andika namba yoyote unayotaka. Safari hii sitapiga hesabu.